SOMO LA UFUNDI: KUBADILISHANA VIPURI VYA GIA KATIKA VESPA ZA MIAKA MBALIMBALI



Katika somo hili twakusudia kueleza jambo ambalo huwatia wenye Vespa za zamani katika hasara kubwa, nalo ni kutoa kipuri cha gia katika Vespa ya mwaka mmoja na kukitia katika Vespa ya mwaka mwingine. Jambo hili si baya kwa asili yake. Vespa nyingi za zamani zisingetembea leo kama mafundi wasingejua kutoa kitu hapa na kukitia pale. Lakini viko vipuri vinavyokubali kuchanganywa, na viko vinavyokataa. Vinavyokataa aghalabu havisemi siku ile ile ya kufungwa. Husema baadaye, mteremkoni, na mzigo uko nyuma.

Kwa mkulima wa karafuu jambo hili lina uzito wake. Karafuu ikikomaa haingoji. Ikiachwa mtini hata ua likafunguka, thamani yake imeshuka. Na ikichumwa ikakawia kuanikwa, huharibika. Katika siku hizo Vespa ndiyo inayopeleka chakula cha wachumaji shambani na kuleta mapakacha majamvini, na baadaye ndiyo inayobeba gunia la karafuu kavu kwenda kituo cha kununulia. Vespa ikisimama wakati huo, hasara haimo katika gia peke yake, imo katika mavuno. Na Vespa inayoruka gia kwenye mteremko wa Pemba, ikiwa na mtu na gunia, si hasara ya fedha tu, ni hatari ya roho.

Yafaa basi kila mwenye Vespa, hata kama si fundi, ajue ni kitu gani anachonunua na fundi anafanya nini.

1. JINSI VESPA INAVYOPELEKA NGUVU GURUDUMUNI

Vespa ya kwanza ilitoka katika kiwanda cha Piaggio, Pontedera, nchini Italia, mwaka 1946. Aliyeibuni ni mhandisi Corradino D'Ascanio, ambaye kazi yake ya asili ilikuwa ni ndege. Ilikuwa na injini ya sentimita 98 na gia tatu. D'Ascanio hakutaka mnyororo wenye grisi unaochafua nguo za mpandaji, kwa hiyo aliiweka injini ubavuni mwa gurudumu la nyuma na kuzipeleka nguvu kwa magurudumu ya meno yaliyofungwa ndani ya kasha. Ndiyo sababu mtu aliyevaa kanzu aweza kupanda Vespa asiogope mnyororo. Vespa GS ya sentimita 150 iliyotoka mwaka 1955 ilikuwa na gia nne, na gia nne ndizo tulizonazo katika Vespa tunazozieleza leo.

Nguvu hupita katika hatua hizi zifuatazo:

(a) Krenki huzungusha klachi. Klachi ina kigurudumu kidogo cha meno nyuma yake.

(b) Kigurudumu hicho cha klachi huzungusha gurudumu kubwa la meno. Ndani ya gurudumu hili kubwa mna springi za kupunguza mshtuko.

(c) Gurudumu kubwa limefungwa pamoja na gia nne zilizoumbwa katika kipande kimoja, kubwa kwa ndogo. Katika somo hili tutakiita kipande hiki mkungu.

(d) Meno ya mkungu hushikana daima na gia nne nyingine zilizovaa juu ya shafti ya gurudumu la nyuma. Gia hizi nne huzunguka bure, hazikushikamana na shafti.

(e) Ndani ya shafti, ambayo ina uwazi, mna kipande chenye mikono minne mfano wa alama ya kujumlisha. Tutakiita krosi. Mikono yake hutokeza katika nyufa za shafti. Krosi ikisukumwa au ikivutwa, huingia ndani ya gia moja kati ya zile nne na kuifunga na shafti. Hiyo ndiyo gia iliyoingia.

(f) Anayeisukuma krosi ni kisanduku cha gia kilichofungwa nje ya kasha, nacho huvutwa na waya mbili zitokazo katika mkono wa kushoto wa usukani.

Tazama kwamba krosi ndicho kipande kidogo kuliko vyote, nacho ndicho kinachobeba kazi yote. Kila mara gia inapoingia, nguvu za injini na uzito wa mzigo hukutana juu ya mikono ile minne. Basi kosa dogo la umbo au la nafasi hapo huleta madhara makubwa.

2. FAMILIA MOJA, VIZAZI VIWILI

Somo hili lahusu hasa Vespa za familia ya P, zilizoanza kuuzwa mwaka 1977 na baadaye kuitwa PX. Ziko za sentimita 125, 150 na 200, zote zenye magurudumu ya inchi 10. Injini zake tatu zina urefu mmoja wa mwendo wa pistoni, yaani milimita 57. Zinatofautiana katika upana wa silinda: milimita 52.5 kwa ile ya 125, milimita 57.8 kwa ile ya 150, na milimita 66.5 kwa ile ya 200.

Kuanzia mwaka 1984 hivi Piaggio ilileta kizazi kipya cha PX. Waitalia walikiita Arcobaleno, na Wajerumani Lusso. Kwa nje mtu angeweza kusema ni Vespa ile ile. Dalili iliyo dhahiri ni kipimo cha petroli kilichotiwa katika saa ya mwendo. Lakini ndani ya kasha la gia mambo yalibadilika: shafti, gia nne zilizo juu yake, krosi na kisanduku cha gia havikuwa tena vile vya kwanza.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu huona kipuri kimeandikwa "PX", na Vespa yake ni PX, akatoa fedha. Lakini PX ya kabla ya badiliko hilo na PX ya baada yake ni kama ndugu wawili wa baba mmoja: jina la ukoo ni moja, kiatu si kimoja.

3. NAMNA YA KUIJUA INJINI YAKO

Usiitambue injini kwa sura ya bodi. Katika miaka arubaini injini huhamishwa, usukani hubadilishwa na saa ya mwendo huondolewa. Vespa yaweza kuwa na bodi ya mwaka 1979 na injini ya mwaka 1990.

Tazama herufi na nambari zilizogongwa katika kasha la injini na katika fremu. Kwa mfano, PX ya 150 huwa na VLX1T katika fremu na VLX1M katika injini. P200E huwa na VSX1T katika fremu na VSE1M katika injini. Lakini ujue kwamba herufi hizi peke yake hazitoshi. VLX1T ilitumika katika kizazi cha kwanza na ikaendelea kutumika katika kizazi cha pili. Nambari inayofuata herufi ndiyo inayoonyesha ni ya wakati gani, nayo hulinganishwa na orodha ya vipuri.

Tena, hata nambari ya injini husema habari za kasha tu. Haisemi fundi wa kwanza alitia nini ndani yake miaka ishirini iliyopita. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya somo hili ni hii: usinunue kipuri cha gia kabla injini haijafunguliwa na kile cha zamani hakijashikwa mkononi. Fungua, safisha, hesabu meno, kisha ndipo uende dukani, na kile cha zamani ukichukue pamoja nawe.

4. VIPURI VINAVYOKUBALI KUCHANGANYWA

Klachi, gurudumu kubwa na mkungu ndivyo vyenye uhuru zaidi. Lakini kukubali kuingia si kukubali kufanya kazi, na hapa hesabu ya meno ndiyo hakimu.

Kutoka kiwandani meno yalikuwa hivi:

PX ya 125: kigurudumu cha klachi meno 20, gurudumu kubwa meno 68.
PX ya 150: kigurudumu cha klachi meno 21, gurudumu kubwa meno 68.
PX ya 200: kigurudumu cha klachi meno 23, gurudumu kubwa meno 65.

Gawanya meno ya gurudumu kubwa kwa meno ya kigurudumu kidogo, utapata mara ngapi krenki itazunguka ili mkungu uzunguke mara moja. Kwa 125 ni 3.40. Kwa 150 ni 3.24. Kwa 200 ni 2.83. Maana yake, ili mkungu uzunguke mara 1,000, injini ya 125 huzunguka mara 3,400, ya 150 mara 3,238, na ya 200 mara 2,826 tu.

Kadiri hesabu hiyo inavyokuwa ndogo ndivyo Vespa inavyokwenda mbio kwa mizunguko ile ile ya injini, na ndivyo inavyokosa nguvu za kupanda kilima. Hili ni kama mtu na mzigo: akipiga hatua fupi atapanda, akipiga hatua ndefu atachoka njiani.

Tuchukue mifano miwili.

Mfano wa kwanza. Mwanachama ana PX ya 125, na silinda imekwisha. Amepata silinda na pistoni ya 150. Kwa kuwa mwendo wa pistoni ni ule ule wa milimita 57, silinda ya 150 hukaa katika kasha la 125. Sasa injini ina nguvu zaidi, naye aweza kutoa kigurudumu cha klachi cha meno 20 na kutia cha meno 21, akauacha mkungu na gurudumu kubwa la 68 pale pale. Tofauti ni kiasi cha sehemu 5 katika 100. Badiliko hili ni jema, maana ndivyo kiwanda chenyewe kilivyoipanga 150.

Mfano wa pili. Mwanachama mwingine ana PX ya 125 isiyobadilishwa. Ameuziwa klachi ya meno 23 na gurudumu kubwa la meno 65 kutoka katika P200E iliyokufa. Vitaingia na kuzunguka. Lakini tofauti sasa ni sehemu 17 katika 100, na injini ya sentimita 123 haiwezi kazi iliyopangiwa injini ya sentimita 198. Katika barabara iliyo sawa, bila mzigo, atafurahi. Akifika kilimani na gunia nyuma, gia ya tatu itashindwa, ya pili italalamika, na ya kwanza itakuwa ndiyo gia ya safari nzima. Injini itapata moto, na klachi itaungua kwa kuwa mwenyewe atakuwa anaibana kila mara ili injini isizime. Atasema kipuri ni kibovu, kumbe kipuri ni kizima, na ubovu umo katika hesabu.

Basi vitu hivi viwili vyafaa vihesabiwe kuwa jozi. Ukitoa gurudumu la meno 65, toa na klachi yake ya meno 23. Usitie kigurudumu cha meno 23 pamoja na gurudumu la meno 68 la kiwanda, maana hayakuchongwa kwa ajili ya kushikana.

Katika klachi zenyewe pia mna tofauti. Za zamani zina springi 6 au 7. Iko nyingine yenye springi 8, iliyotoka katika Vespa Cosa ya mwishoni mwa miaka ya 1980, na baadaye ikatiwa katika PX. Hii ni klachi imara, na aghalabu huweza kutiwa katika injini ya zamani. Lakini yachukuliwe pamoja na nati na washa zake, na kabla ya kufunga kifuniko izungushwe kwa mkono mpaka ionekane haigusi ukuta wa kasha mahali popote.

5. VIPURI VINAVYOKATAA KUCHANGANYWA

Wahenga walisema, mafahali wawili hawakai zizi moja. Shafti, gia nne zilizo juu yake, krosi na kisanduku cha gia ni seti moja. Ama vyote viwe vya kizazi cha kwanza, ama vyote viwe vya kizazi cha pili.

Sababu ni hii. Kisanduku kina hatua zake: kila mkono wa usukani unapogeuka nambari moja, hukisukuma krosi kwa urefu uliopimwa. Krosi nayo ina umbo lake na unene wake, na gia zina mapengo ya ndani yaliyochongwa kuipokea krosi hiyo. Ukilaza krosi mbili za vizazi viwili juu ya kioo bapa, tofauti ya umbo huonekana kwa macho. Sasa ukitia krosi ya kizazi kimoja katika gia za kizazi kingine, mikono yake haiingii mpaka mwisho, hushika kwa ukingo tu. Na ukitia kisanduku cha kizazi kingine, krosi hupelekwa mahali pasipo pake, ikasimama kabla ya gia au ikaipita.

Matokeo yake ni haya:

Kwanza, gia huruka. Unapopanda, injini hupiga kelele ghafula na Vespa hurudi nyuma. Unapoteremka ni vibaya zaidi, kwa sababu injini iliyokuwa ikisaidia kuzuia mwendo imeachia, na uzito wote umeangukia breki.

Pili, kila gia inaporuka, kingo za krosi na za gia husagika na kuwa mviringo. Hata ukija ukatia krosi iliyo sawa baadaye, gia zimekwisha haribika, nazo zitaiharibu krosi mpya.

Tatu, chembe za chuma zilizosagika huchanganyika na oili na kupita katika beringi na katika klachi.

Kwa hiyo mtu aliyetaka kuokoa bei ya krosi moja hujikuta ananunua gia nne, krosi, beringi na sahani za klachi.

Je, yawezekana kutia gia za kizazi cha pili katika kasha la kizazi cha kwanza? Ndiyo, yawezekana, na mafundi hufanya hivyo. Lakini iwe ni seti nzima, pamoja na kisanduku chake. Anayekuuzia gia na kukuambia kisanduku chako cha zamani kitafaa, mwulize kwanza ni cha kizazi gani. Asipojua, usinunue.

Na Vespa za zamani zaidi, zile za magurudumu ya inchi 8 kama VBB iliyoanza mwaka 1960, zisihesabiwe katika familia hii kwa ajili ya gia. Shafti ya namna hiyo na ngoma yake ya breki zikae pamoja, zisitenganishwe.

Tahadhari kama hiyo yafaa kwa vipuri vya Bara Hindi. Bajaj ilitengeneza Vespa kwa ruhusa ya Piaggio, na tangu mwaka 1972 ikatengeneza Chetak, ambayo ilifuata umbo la Vespa Sprint na si la PX. LML ya Kanpur ilitengeneza skuta zilizofuata umbo la PX. Vipuri hivi vingi ni imara na vimewafaa watu, lakini visinunuliwe kwa kutazama sura ya skuta. Vilinganishwe jino kwa jino na vile ulivyovitoa.

6. KABLA HUJAFUNGUA INJINI

Si kila gia inayoruka imekwisha. Fuata utaratibu huu, ukianza na kilicho rahisi.

(a) Tazama waya mbili za gia. Waya iliyolegea huiacha krosi nusu ya njia. Zikaze mpaka nambari ya usukani na gia iliyoingia ziwe sawa, na nyutro ikae mahali pake kati ya gia ya kwanza na ya pili. Waya iliyoanza kukatika nyuzi ibadilishwe.

(b) Fungua kisanduku cha gia. Kimefungwa nje ya kasha, na hakuna haja ya kufungua injini. Tazama kama springi yake imechoka na kama viungo vyake vinacheza.

(c) Mwaga oili na uitazame juani. Vumbi jepesi la kijivu ni la kawaida katika injini ya miaka mingi. Vipande vya chuma vinavyong'aa ni dalili kwamba gia au krosi zinasagika, na hapo hapana budi kufungua.

Kazi ya kufungua ifanywe kabla ya msimu, wakati mtu ana nafasi ya kungoja kipuri kivuke bahari. Asiyefungua mpaka wachumaji wako mitini atalazimika kutia chochote kilicho karibu, na hapo ndipo vizazi viwili vinapokutana katika kasha moja.

7. WAKATI WA KUFUNGA

Kazi ya gia haiishi kwa kuvipanga vipuri. Yako mambo matano ambayo mwenye Vespa aweza kumwuliza fundi wake bila kumvunjia heshima.

La kwanza ni nafasi ya gia juu ya shafti. Gia zote nne zikiisha kuvaa, hupimwa nafasi iliyobaki kwa vibati vyembamba ambavyo mafundi huviita fila. Nafasi iwe kati ya milimita 0.15 na milimita 0.40. Ikizidi hapo, gia hucheza na krosi haishiki sawasawa. Ikipungua, gia hubanana na kupata moto. Husahihishwa kwa kutia ringi nene zaidi au nyembamba zaidi. Kipimo hiki ni cha lazima zaidi pale vipuri vipya vinapokutana na vya zamani, maana kila kimoja kimelika kwa kiasi chake.

La pili ni springi za gurudumu kubwa. Shika gurudumu hilo kwa mkono mmoja na mkungu kwa mkono mwingine, ujaribu kuzungusha. Zikicheza ovyo au ikionekana springi iliyovunjika, zibadilishwe sasa. Springi ikivunjika injini imefungwa, vipande vyake vitapita katika meno.

La tatu ni sili za oili. Kwa kuwa kasha limekwisha funguliwa, sili zote zitiwe mpya. Sili ya krenki ya upande wa klachi ikivuja, injini hunyonya oili ya gia na kuichoma, ukaona moshi mweupe mwingi na oili inapungua bila kumwagika chini.

La nne ni kujaribu kwa mkono. Kabla ya kuunganisha makasha, krosi ivutwe kwa mkono katika gia zote nne huku shafti ikizungushwa. Makasha yakiisha fungwa na kisanduku kikiwa mahali pake, jaribio lirudiwe: gia ya kwanza, nyutro, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha kurudi. Kama gia moja inaingia kwa shida sasa, barabarani haitakuwa nyepesi.

La tano ni kukaza. Nati za kuunganisha kasha hukazwa kwa Nm 13 hadi 15, na nati ya gurudumu la nyuma kwa Nm 90 hadi 110, kisha hutiwa pini yake. Nati ya gurudumu isiyokazwa hulegeza ngoma ya breki juu ya meno ya shafti na kuyala yote mawili. Anayekaza kwa kubahatisha mkono ataharibu seti aliyoitafuta kwa taabu.

8. OILI

Kasha la gia la Vespa huchukua oili ya SAE 30, kiasi cha sentimita 250, yaani robo lita. Vespa ikiwa imesimama wima, hutiwa mpaka ianze kudondoka katika tundu la kujazia. Kwa kuwa klachi yaogelea katika oili hiyo hiyo, usitie oili yenye dawa za kupunguza msuguano, maana sahani za klachi zitateleza. Baada ya kutia gia mpya, oili ya kwanza imwagwe mapema, baada ya safari chache, ili itoke na chembe zilizobaki ndani.

9. KUNUNUA KWA AKIBA

Mwenye kupata injini ya zamani iliyokufa asiwe na haraka ya kuivunja na kugawa vipande. Seti iliyo kamili, yaani shafti, gia nne, krosi na kisanduku, ina thamani kubwa kuliko vipande vyake vikiuzwa kimoja kimoja. Ifungwe pamoja kwa waya, ipakwe oili, iwekwe katika mfuko usioingia unyevu, na juu yake iandikwe: imetoka katika injini gani, nambari ipi, meno mangapi. Chumvi ya hewa ya pwani huila krosi iliyoachwa wazi kabla hata haijafanya kazi.

Majirani wawili au watatu wenye Vespa za kizazi kimoja wakisikilizana, wataweza kuweka seti moja ya akiba kati yao. Mwenye kuharibikiwa kwanza huichukua, kisha hununua nyingine kuirudisha mahali pake baada ya mauzo.

Kwa ufupi, somo hili lina maneno matatu: hesabu meno kabla ya kutoa fedha, badilisha klachi na gurudumu kubwa kwa jozi, badilisha shafti, gia, krosi na kisanduku kwa seti. Mwenye kuyashika haya ataitumia Vespa ya mwaka wowote, na wakati wa karafuu utamkuta barabarani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini herufi VLX1T peke yake hazitoshi kukujulisha kizazi cha gia?

2. Vespa ina kigurudumu cha klachi cha meno 21 na gurudumu kubwa la meno 68. Krenki itazunguka mara ngapi ili mkungu uzunguke mara 100? (Jibu: karibu mara 324.)

3. Ni vipuri gani vinne vinavyopaswa kuwa vya kizazi kimoja?

4. Gia ya pili inaruka. Taja mambo mawili ya kutazama kabla ya kufungua injini.

5. Nafasi ya gia juu ya shafti imepimwa ikaonekana ni milimita 0.55. Je, yafaa kufunga kasha? Kama haifai, fundi atafanya nini?

6. Mtu ana PX ya 125 isiyobadilishwa na shamba lake liko juu ya kilima. Anauziwa klachi na gurudumu kubwa la P200E kwa bei nafuu. Mpe shauri, na umweleze sababu kwa hesabu.